Bati Lililopiga Shoti Jioni Tu: Uchambuzi wa Kisa cha Kizuia Joto katika Nyumba Moja ya Kange, Tanga

Nyumba yenyewe iko Kange, jijini Tanga, mitaa ya nyuma ukitokea stendi ya mabasi. Ni ya vyumba 4, tofali za saruji, na imepauliwa kwa mtindo unaopendwa siku hizi wa paa la kuficha: bati la migongo mipana, rangi ya mkaa, limelazwa kwa mteremko mdogo nyuma ya ukuta wa juu, hivyo aliyeko barabarani halioni paa kabisa. Mwenye nyumba ni mama, mwalimu mstaafu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Kisa chake nakiandika kwa urefu kwa sababu kimebeba karibu kila kosa linalofanyika mtu anapotaka kupunguza joto la paa, na pia kina mambo mawili yaliyofanywa vizuri ambayo ni rahisi kuyasahau lawama zikishaanza.

Paa la kuficha lina tabia yake. Kati ya bati na dari ya jipsamu nafasi ni finyu. Kwa Mwalimu, upande wa juu mtu anaweza kuchuchumaa, upande wa chini anapita kwa tumbo. Nyumba za zamani za Ngamiani zilipauliwa juu, na kabla ya bati kuenea zilikuwa za makuti, ambayo yenyewe huzuia joto vizuri tu, ubaya wake ni moto na wadudu. Wajerumani waliojenga pale Bombo waliweka kuta nene na baraza pana. Sisi tumechukua bati jeusi tukalining'iniza karibu na kitanda, halafu tunashangaa kwa nini joto la kaskazi halilaliki.

Mwanawe Mwalimu anafanya kazi Muscat. Alipokuja likizo ya Desemba hakuweza kulala hata mchana mmoja chumba cha magharibi. Akanunua mabunda ya foili, ile karatasi ya alumini inayong'aa ya kuzuia joto la paa, akatafuta vijana 2 wanaofunga dari za jipsamu, akawalipa, akarudi kazini. Vijana wakamaliza kazi kwa siku 2. Waja leo waondoka leo, kama wenyewe tunavyojitania. Walitoboa mlango mdogo kwenye dari ya ukumbi, wakapenya juu, wakabana foili kwa stepla upande wa chini wa papi, zile mbao zinazobeba bati, nyumba nzima. Juu ya dari ya vyumba 2 vya kulala wakatandaza pia pamba ya kioo iliyobaki kwenye kazi yao ya hoteli moja. Hiyo waliitoa bure, kama nyongeza, na Mwalimu alishukuru.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikuwa mazuri. Vyumba vilipoa, hilo hakuna aliyelikana hata baadaye. Mwezi Machi manyunyu ya kwanza yalipoanza, umeme ukaanza kukata kila magharibi. Asubuhi na mchana upo, ikikaribia adhana ya magharibi, tap! Kilichokuwa kinakata ni breka ya uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia ambayo mafundi huiita RCCB. Akaitwa fundi umeme wa jirani. Akairudisha juu, ikakata. Akairudisha tena, ikakata. Akasema imechoka, hizi za kisasa hazidumu, akahamisha nyaya 2 kwenye meni swichi ili umeme uipite pembeni. Umeme haukukata tena.

Baada ya hapo siku moja, saa 10 jioni, wingu zito limetanda kutoka baharini, mpwa wake Mwalimu akapanda kusafisha gata. Majani ya mwarobaini huziba njia ya maji, na Mwalimu hukinga mvua kwenye tangi. Kijana alikaa juu ya ukuta ambao ulikuwa umelowa, kaptura imelowa, akanyoosha mkono kushika bati ili ashuke upande wa ndani. Akarushwa. Aliangukia juu ya paa, ndani ya ukuta. Angeangukia nje zingekuwa mita 4 hadi kwenye zege. Alibaki na alama ya kuungua kwenye kidole cha shahada na mkono uliokuwa na ganzi hadi usiku.

Kesho yake saa 5 asubuhi fundi yule yule alipanda na tesita. Akagusa bati huku na huku. Tesita haikuwaka. "Bati halina kitu, Mwalimu. Kijana aliteleza." Jirani naye akatoa lake, kwamba nyumba hiyo tangu ijengwe haijafanyiwa dua.

Niliitwa hapo. Nilimkuta Mwalimu barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu kiti. Nimeshaambiwa bati langu ni zima. Sasa wewe niambie, mtoto wa dada yangu kidole kimeunguzwa na nini?"

Swali lilikuwa sahihi kuliko majibu yote aliyokuwa amepewa. Mtu akiteleza haungui kidole. Nilichotaka kujua ni kitu gani kiko hai nyumbani jioni na kimekufa asubuhi, maana malalamiko yote mawili, ya breka na ya kijana, yalikuwa ya muda wa giza. Nikamuuliza taa za nje zinawashwa wapi. "Haziwashwi," akasema, "zina jicho. Giza likiingia zinawaka zenyewe." Jicho lenyewe lilikuwa ukutani karibu na mlango wa nyuma, moja kwa taa zote 4 za kuzunguka nyumba. Nililifunika kwa kitambaa cheusi. Taa zikawaka. Nikapima kati ya bati na ethi rodi, ile fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini: volti 228.

Mita ya dijitali inaweza kudanganya. Kipande cha chuma kinachoelea karibu na waya wa umeme huonyesha volti ambazo hazina nguvu nyuma yake, na wapo waliobomoa nyumba kwa kufuata volti hizo. Kwa hiyo niliunganisha balbu ndogo ya wati 15 kati ya bati na ethi rodi, kwa nyaya zenye vibanio vilivyofunikwa, mikono mbali. Ikawaka. Paa zima la nyumba lilikuwa waya wa moto. Niliondoa kitambaa kwenye jicho; taa za nje zikazimika, balbu yangu ikazimika nazo.

Tulizima meni swichi, tukaifunga kwa kufuli, ufunguo ukakaa mfukoni mwangu, na ukaguzi wa darini ukapangwa alfajiri ya siku iliyofuata. Sababu ya alfajiri nitaieleza.

Chanzo kilikuwa upande wa jiko. Waya bapa wa milimita 1.5 unaopeleka umeme kutoka kwenye jicho kwenda taa za nje ulikuwa umepitishwa wazi juu ya ubao wa kenchi, bila konduiti, yaani bomba la kulinda nyaya. Vijana wa jipsamu walipovuta foili juu yake hawakuuona tena, wakapiga stepla pale pale. Mguu mmoja wa stepla uliingia kwenye mbao. Wa pili ulipita ndani ya waya, ukakwaruza shaba ya upande wa moto. Kwa tochi, kilichoonekana ni doa jeusi kwenye ganda la waya, na foili kuzunguka stepla imekunjamana na kugeuka kahawia. Hatua 2 kutoka hapo, misumari ya bati ya inchi 3 ilikuwa imetoboa papi ya inchi 2 na ncha zake zimetokeza chini, hakuna aliyejali kuzikunja, na foili imevutwa hadi ncha hizo zikapenya. Njia ya umeme ikakamilika: waya, stepla, foili, msumari, bati. Nilitenganisha waya ule pande zote mbili nikaupima kwa mega ya volti 500, mita inayopima uzima wa ganda la waya. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaohmu 1. Ulisoma karibu na sifuri.

Fundi yule wa kwanza, nilipomweleza, aliuliza swali ambalo wengi huuliza: kama waya wa moto umegusa bati, mbona breka ya kawaida haikukata? Breka ya kawaida haipimi hatari ya mtu. Ya taa, ya ampea 10, inasubiri ampea makumi kadhaa ndipo ikate papo hapo, au mzigo uzidi kwa muda mrefu. Bati lililolala juu ya papi kavu, juu ya ukuta wa tofali, halina njia nzuri ya kwenda ardhini, kwa hiyo linakaa na volti zake kimya. Mvua ikinyesha, ukingo wa bati uliozamishwa kwenye plasta ya ukuta unalowa, na miliampea kidogo zinaanza kupita. Kwa breka ya kawaida hicho si kitu. Kwa breka ya uvujaji ya miliampea 30, ambayo kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, hiyo ndiyo sababu ya kukata. Na ilikata magharibi tu kwa kuwa ndipo jicho lilipopeleka umeme kwenye waya uliotobolewa. Kijana alipopanda mchana wenye wingu zito, jicho lilidhani usiku umeingia.

Breka ile haikuwa imechoka. Ilikuwa kitu pekee ndani ya nyumba kilichokuwa kinasema ukweli, na ikanyamazishwa. Mwili wenye mkono uliolowa unaweza kuwa na ukinzani wa ohmu elfu moja na kitu. Kwa volti 230 hiyo ni zaidi ya miliampea 100, kiasi ambacho moyo hauvumilii kikipita kwa muda. Katika makosa yote ya nyumba hii nililoliona zito zaidi ni hilo la kuipita RCCB, kuliko hata stepla. Stepla ilipigwa na mtu asiyeona. Breka ilipitwa na mtu wa umeme, mchana kweupe, akilipwa.

Sasa pamba. Chumba kikubwa kina bafu lake lenye hita ya kuogea ya wati 4,500. Gawa kwa volti 230, unapata karibu ampea 19.6. Waya wake ulikuwa wa milimita 2.5, umelala juu ya dari, na pamba ya kioo imeufunika kwa urefu wa mita kadhaa. Kwa majedwali ya kiwango cha Uingereza cha BS 7671, ambacho mafundi wetu wengi wamefundishwa nacho, waya bapa wa 2.5 uliobanwa wazi ukutani hubeba ampea 27 kwenye hewa ya nyuzi 30. Ukizungukwa na kizuia joto kwa nusu mita au zaidi unabaki na nusu yake, ampea 13.5. Kisha kuna joto la darini: kwenye nyuzi 50 unazidisha kwa 0.71, unafika chini kidogo ya ampea 10. Waya wa ampea 10 umebebeshwa karibu 20, na mlangoni pake umewekewa breka ya 32.

Kwa haki, hita ya kuogea haiwaki siku nzima. Mtu mmoja akioga dakika 5, waya unapata joto kisha unapoa. Tatizo la nyumba hii lilikuwa asubuhi za shule, wajukuu wanapooga kwa foleni. Nilipoinua pamba, ganda la waya lilikuwa limelainika na kugeuka rangi ya chai sehemu iliyofunikwa, na zima kabisa pale lilipotokeza nje. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulinyooka kama uliochorwa kwa rula. Hata kabla ya pamba waya ule ulikuwa ukingoni, maana 27 mara 0.71 ni ampea 19 na ushei. Pamba iliusukuma tu. Pamba ya kioo yenyewe haiwaki, ni vioo vilivyoyeyushwa na kuvutwa nyuzi. Kinachowaka ni ganda la waya, vumbi, mbao za kenchi, na karatasi au plastiki inayobandikwa upande mmoja wa baadhi ya pamba.

Kuna jambo la karibu na hilo ambalo halikuwepo kwa Mwalimu lakini nimelikuta Raskazone: lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye maboksi ya televisheni, limepangwa darini kama kizuia joto. Mbali na kwamba linashika moto na kudondosha matone, likigusana na ganda la PVC la waya hulinyonya kilainishi chake. Ganda linakauka, linapasuka ukilikunja. Povu na waya visigusane kabisa.

Kabla sijafika kwenye marekebisho, niwape vijana wale haki yao. Foili waliipanga vizuri kuliko wengi. Bati jeusi kwenye jua la Tanga saa 8 mchana linafika nyuzi 60 na zaidi. La Mwalimu nilipolipima upande wa chini, kabla hatujagusa kitu, lilikuwa na 64. Joto hilo haliji kitandani kwa hewa, kwa kuwa hewa ya moto hukaa juu karibu na bati. Linashuka kwa mnururisho, kama jua linavyotufikia. Rangi ya bati hutoa mnururisho karibu wote inayoweza, wakati uso wa alumini unaong'aa hutoa asilimia 5 hivi tu. Kwa bati la nyuzi 64 na dari ya nyuzi 45, hesabu ya haraka inatoa zaidi ya wati 100 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 3 kinapokea wati 1,200 na zaidi muda huo wa jua kali. Foili ikikaa katikati, kiasi hicho kinashuka hadi wati zisizofika 10 kwa mita. Lakini sharti lake ni hewa: angalau milimita 25 za nafasi tupu upande unaong'aa. Foili iliyogandishwa katikati ya bati na mbao, imebanwa pande zote, inapitisha joto kama karatasi yoyote ya chuma. Na uso unaong'aa ukitazama chini haushiki vumbi; ukitazama juu, baada ya misimu michache ya vumbi la Kange unakuwa wa kijivu na kazi yake inakwisha. Vijana waliacha nafasi ya papi, na uso wakauelekeza chini. Hayo ndiyo mambo mawili niliyoyataja mwanzoni.

Kosa lao jingine, mbali na stepla, ni kuziba matundu ya hewa. Ukuta wa juu ulikuwa na matundu madogo yenye wavu kila baada ya mita chache. Foili ikavutwa hadi ukutani na kuyafunika yote. Pwani yetu ina unyevu. Usiku bati linapoa kuliko hewa, na alfajiri linatoa jasho upande wa ndani. Hewa ikipita jasho linakauka. Hewa ikizibwa linadondokea kwenye foili, foili inalegea na kufanya dimbwi. Nilikuta madimbwi 3. Pamba chini yake ilikuwa imelowa sehemu moja, na pamba iliyolowa haizuii joto, inaozesha dari tu. Doa la ukungu lilishaanza kuonekana kwenye jipsamu juu ya kabati la Mwalimu, naye alidhani ni bati linavuja.

Juu ya sheria niseme kwa kifupi, maana hapa watu hupenda kutafuta kifungu kimoja cha kuwaokoa. Nyumba ilikuwa na kibali cha ujenzi cha halmashauri ya jiji na michoro iliyopitishwa. Michoro haikuwa na neno juu ya kizuia joto, kilichoongezwa miaka baadaye kwa makubaliano ya simu kati ya Muscat na Kange. Lakini mara kazi ilipogusa nyaya, ilikuwa kazi ya umeme, na kazi ya umeme kwa Sheria ya Umeme ya 2008 ni ya mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Aliyeipita RCCB hakuwa nayo. Nilimwomba anionyeshe, akaniambia ya kaka yake. Vijana wa juu ya dari nao wanaangukia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003: anayeajiri ana wajibu wa kuwapa mazingira salama. Ni nani aliyewaajiri hapa, mama au mwana? Swali hilo Mwalimu hakulipenda, na sikulisukuma. Bunda la foili lenyewe halikuwa na maandishi yoyote ya daraja la moto. Bidhaa zilizopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 13501-1 huandikwa herufi, A1 ikiwa haiwaki kabisa, F ikiwa haijathibitishwa lolote. Nilichoma kipande uwanjani: alumini ilikunjamana, na nyavu ya plastiki iliyo katikati ikayeyuka na kudondosha matone yenye moto. Nilimwambia Mwalimu wazi kwamba foili hiyo haitarudi juu ya jiko.

Kisa kama hiki kilishalitikisa taifa zima mahali pengine. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianza kulipia vizuia joto vya darini nyumba kwa nyumba, kampuni zikachipuka kama uyoga, vijana wakaajiriwa bila mafunzo. Katika miezi michache mafundi vijana 4 walikufa: 3 kwa umeme, na wa 4 kwa joto la darini lenyewe. Katika vifo 2 vya umeme, stepla za chuma zilizobana foili ndizo zilizotoboa waya. Vibanio vya chuma kwa foili vikapigwa marufuku mwishoni mwa mwaka huo, na Februari 2010 mpango mzima ukafungwa. Yule wa 4 ndiye sababu ya mimi kutopanda dari la Mwalimu baada ya saa 4 asubuhi. Mtu anayetambaa kwenye nyuzi 50 na zaidi, amevaa mikono mirefu na barakoa kwa ajili ya pamba, hana pa kupeleka jasho lake. Anaanza kuona kizunguzungu, anakanyaga nje ya mbao, na jipsamu haibebi mtu.

Marekebisho yalifuata mpangilio ambao ningependa uwe wa kwanza badala ya wa pili: umeme kwanza, kizuia joto baadaye. Fundi mwenye leseni alitoa nyaya zote za darini zilizokuwa wazi, akaziingiza kwenye konduiti na kuzipandisha juu ya boriti za kenchi zinapoonekana, viungo vyote kwenye jointi boksi zenye vifuniko. Waya wa hita ukawa wa milimita 6, njia yake juu ya pamba na mbali nayo. RCCB mpya ikawekwa, kitufe kikabonyezwa mbele ya Mwalimu, ikakata. Ethi rodi ilipimwa ikasoma ohmu 140. Kanuni inashauri isizidi 200, kwa hiyo tuliiacha, tukabadilisha kibanio chake kilicholiwa na chumvi.

Hapo fundi wa kwanza, ambaye kwa sifa yake alikuja kusaidia bila kulipwa, alitoa hoja: si tungeunganisha tu bati na ethi rodi, foili ikabaki ilivyo? Nilimwomba apige hesabu. Volti 230 kwa ohmu 140 ni ampea 1.6 hivi. Breka ya ampea 10 haitaiona. Bati litabaki na umeme kama mwanzo, na sasa ardhi inayozunguka rodi nayo itakuwa nao. Kinachomwokoa mtu kwenye nyumba yenye ethi rodi ni RCCB. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ile niliyoipita..." na hakumalizia.

Foili ilirudi, isipokuwa juu ya jiko. Mara hii haikupigwa stepla. Ilishikiliwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopigiliwa kwenye papi ambazo tulikuwa tumezikagua kwa macho moja moja na kuziwekea alama ya chaki, ncha zote za misumari ya bati zikakunjwa kwanza, na kati ya foili na waya wowote tuliacha shubiri nzima. Iliachwa pia iishie kabla ya ukuta ili matundu yapumue, ikilegezwa kidogo kuelekea upande wa gata ili jasho likidondoka litiririke nje. Pamba kavu ilirudishwa vyumbani, ikiachwa wazi kuzunguka kila taa ya kuzama. Zile taa 2 zilizokuwa zimefunikwa zilishakufa zenyewe kwa joto la vifaa vyake. Juu ya jiko iliwekwa pamba ya mwamba isiyo na karatasi, kidogo tu, ghali kuliko vyote.

Kakake Mwalimu, aliyefanya kazi mashamba ya mkonge ya Ngomeni enzi zake, alikasirika kuona tunanunua pamba ya kutoka nje wakati mabaki ya nyuzi za mkonge yanatupwa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Nyuzi za mimea huzuia joto vizuri, na wapo duniani wanaotengeneza kizuia joto kwa katani na usumba. Ila huko huchanganywa na dawa za kuzuia moto, wadudu na ukungu, kisha kupimwa. Mkonge mkavu kama ulivyotoka korona, ile mashine ya kuchambua nyuzi zake, juu ya dari yenye nyaya, nisingelala chini yake.

Tulipomaliza, dari ya chumba cha magharibi saa 8 mchana ilisoma nyuzi 35, bati juu yake likiwa 62. Mwalimu anasema analala mchana, ila ukuta wa magharibi unamchoma hadi saa 3 usiku, na hilo ni kweli: foili ya paa haina la kufanya na ukuta unaopigwa jua kuanzia adhuhuri. Ameomba makadirio ya kibaraza upande huo. Gharama za marekebisho zimezidi zile za kazi ya kwanza, mwana ametuma nusu, na nusu nyingine anasema wadaiwe vijana wa jipsamu. Vijana wenyewe wanapatikana, wako kwenye nyumba ya ghorofa Mikanjuni, wanabana foili. Nilipita kuwaona nikiwa na kile kipande cha waya na stepla yake ndani. Mmoja alikigeuza geuza mkononi, akaniuliza wapi Tanga zinauzwa stepla za plastiki.